Chujio ya Kavuo

Ukipita ku Vulamba, hapa Butembo, na ukasikia harufu ya ndizi imeiva kupita kipimo, uko karibu na Kavuo. Hapana kuuliza mutu njia, fuata pua yako. Utakuta parcelle, uwanja wa nyumba yake, yenye mabidon ya manjano imepangwa kando ya ukuta, na mwanamuke mufupi mwenye mikono imeingia mu beseni mpaka ku kiwiko. Atakuambia karibu bila kukuangalia. Kazi yake haimuachie nafasi ya kuangalia batu.

Ni muke wa kaka yangu Siméon. Siméon alienda ku shamba lake la kakao upande wa Mbau, miaka sita sasa, na wale bauaji ba mu mashamba balimukuta kule. Alimuachia Kavuo mutoto moja tu, Séphora, na mimi wifi yake mwenye mudomo. Batu banasema aliachiwa mizigo miwili. Ni bo banasema.

Kavuo anatengenezaka kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mimi ni muprotestanti, sikunywaka, mais hata hivyo ndizi nilibeba, na mabidon niliosha, Mungu ananijua. Ndizi zinatoka Kalunguta, zinaivishwa mu shimo, zinakanyagwa pamoja na majani mpaka maji yao inatoka. Kisha inakuja kazi yenyewe: kuchuja. Bengine banachuja mara moja, na munywaji anabaki kutoa nyuzi kati ya meno. Kavuo alikuwa anachuja mara tatu. Kwanza ku kitunga yenye majani. Halafu ku kitambaa nzito. Mwisho ku kitambaa moja nyeupe, alipewa siku ya ndoa yake, nyepesi sana: ukiinyoosha mbele ya jua unaona vidole vyako.

"Ndizi kila mutu iko nazo," alisemaka. "Kasiksi ni chujio."

Na chujio inazibaka. Nyama ya ndizi inashika ku nyuzi, maji inasimama pale juu, haishuke tena. Mutu wa haraka anafinya na nguvu, na kitambaa inapasuka. Kavuo hapana. Yeye anatwaa maji safi, anamwanga polepole, anapapasa chini na vidole, anamwanga tena. Maji inafungua njia. Miaka makumi mbili nilimuona akifanya vile, na hata siku moja haikumukatalia. Shika hiyo mu kichwa, kwa sababu yote yenye kufuata ilitoka pale.

Séphora hakupenda ndizi. Alisema mikono ya mama yake inanuka hata siku ya misa. Alipofika miaka makumi mbili alienda Beni kujifunza kushona kwa mama moja anaitwa Jokébed, na kule alikaa miaka mbili, na alishona vizuri, hiyo sitamunyima. Hii nguo ya kijani navaaka ku kanisa ni ya mikono yake. Ku Pasaka alituma picha ndani ya telefone. Uso ilikuwa ya mviringo, mashavu imejaa, macho imeingia kidogo ndani.

"Mama Séphora, Beni imemupenda mutoto!" alisema jirani yetu Kitsa, mwenye kujua kila kitu. "Angalia mashavu! Bwana arusi atakuja mbio."

"Na akikuja nitamunywesha mpaka asahau njia ya kwao," Kavuo akajibu, na akapeleka ile picha nyumba kwa nyumba, akamuonyesha hata padri.

Na mimi, mudomo yangu, nilisema: "Sasa njo anafanana na mutu. Zamani alikuwa mufupa tu."

Nilisema hivyo. Mutoto alikuwa anavimba, na sisi tulikuwa tunamupongeza.

Siku moja alipiga telefone, na Kavuo aliweka sauti kubwa ili nisikie na mimi.

"Mama, viatu vyote vinanibana."

"Nunua vingine, umekuwa mutu mukubwa."

"Na mukojo yangu inatoa povu. Inatoa povu kama kasiksi yako ya siku ya kwanza."

Kavuo alicheka mpaka akakaa chini. "Donc ulikataa ndizi zangu, na umejifungulia kiwanda yako kule Beni!"

Séphora alicheka na yeye. Hiyo kicheko, tuko tunaisikia mpaka leo, mimi na mama yake, kila mutu kwa upande wake, na hatuitaje.

Mu mwezi wa sita Jokébed akapiga telefone. Séphora aliangukia ku mashine ya kushona, hapumue vizuri, na yeye Jokébed amemufikisha ku hopitali. Tulipanda gari asubuhi ile, mikono ya Kavuo ikiwa na ndizi bado kwenye kucha. Tulipopita Kalunguta, bamama bale benye kumuuzishia ndizi balimupungia mikono, bakizani anakuja kununua.

Kule Beni tulikuta mutoto ameketi ku kitanda, miguu imejaa kama mitungi. Ukigandamiza na kidole, shimo inabaki. Docteur alikuwa amemupa dawa ya kukojoza, na siku ya ine uvimbe ukaanza kushuka. Mwenye kutuelezea mambo alikuwa infirmière moja, muuguzi, jina lake Nadège, binti wa heshima, hasemi na bagonjwa kama anafukuza kuku. Alimuuliza Kavuo: "Mama, unafanyaka kazi gani?"

"Ninachujaka kasiksi."

"Eh! Basi wewe utanielewa kuliko bote." Nadège akavuta kiti, akafunga ngumi yake. "Figo ni mbili, kule nyuma, chini ya mbavu. Kila moja ni kubwa kama ngumi hii. Ndani yake kuko vichujio vidogo-vidogo, zaidi ya milioni moja."

"Milioni? Mu kitu ya ngumi?"

"Mu kitu ya ngumi. Moyo inasukuma damu na nguvu, inaingia pale. Vitu vikubwa vinabaki mu damu: ile wekundu yake, na ile nguvu tunatoa mu nyama na maharagi. Maji inapita, chumvi inapita, uchafu wa mwili unapita. Kama kitambaa yako."

Kavuo alikuwa ametoa kichwa mbele. Sijawahi kumuona akisikiliza padri vile.

"Sasa ngoja," akasema Nadège. "Unajua kwa siku moja figo zinachuja maji ngapi? Litre mia moja na makumi munane."

Kavuo akahesabu ku vidole. "Mabidon tisa."

"Mabidon tisa ya litre makumi mbili."

"Unadanganya! Mutoto huyu hana hata bidon moja ndani yake."

"Ana litre ine ao tano ya damu. Mais inarudia, mama. Inapita, inarudi, inapita tena, muchana na usiku. Na ile maji imechujwa, kuko mirija yenye kuirudisha mu damu, karibu yote. Inarudisha na sukari, na chumvi ile mwili inahitaji. Yenye kubaki, litre moja na nusu, pamoja na uchafu, njo mukojo."

"Anachuja mabidon tisa ili amwange chupa moja na nusu?" Kavuo akapiga mikono. "Mimi nikichuja vile, nitafunga parcelle wiki ya kwanza!"

Hata Séphora alicheka kule ku kitanda. Kisha Kavuo akauliza, pole: "Na ya huyu mutoto?"

Nadège akafungua ngumi yake. "Ya Séphora vichujio vimeharibika. Vingine vimepasuka, vinaachilia ile nguvu ya chakula ipite. Njo sababu mukojo inatoa povu. Na vingine, vingi sana, vimeziba."

Vimeziba. Nilimuona Kavuo akilishika lile neno na kuliweka mahali.

Nadège aliendelea. Alisema kuko mashine ya kuchuja damu inje ya mwili, mais hapa kwetu haiko, docteur anaandika karatasi ili mutoto avuke mupaka ku Kasindi aende Kampala. Alisema tumupeleke nyumbani apumzike tukingojea karatasi, turudi juma-tano. Alisema: dawa kila asubuhi, chumvi hapana, na maji makopo mbili tu kwa siku, hapana kuzidisha. Alirudilia ile ya maji mara mbili. Mimi nilisikia. Nasema hivi ili mutu asije kusema Nadège alisahau.

Mu gari ya kurudi, Séphora alilala ku bega langu. Tulipofika Kalunguta Kavuo akasema:

"Yule binti iko na akili. Anajua vitabu."

"Anajua."

"Mais chujio imeziba, unainyima maji? Mama Ariel, wewe umeniona. Ikiziba, mutu anafanya nini?"

Ariel ni mutoto wangu wa kwanza. Nilifikiri. Nilifikiri na hii kichwa ya primaire sita, na miaka makumi mbili ya kuona maji ikifungua njia.

"Anamwanga maji," nikasema.

"Polepole."

"Polepole. Uko na raison."

Maneno matatu ya kusema ndiyo. Ningekuwa na mudomo mukali kwa kitu ya maana, ningemuambia: nyamaza, fuata infirmière. Kila kitu yake nilibisha, muda wote wa kujuana kwetu: kanisa yake, sabuni yake, namna ya kupika sombe. Hiyo siku moja njo nilimukubalia.

Na hapana kufikiri mutoto alilazimishwa. Kiu ilimuuma zaidi kuliko ugonjwa. Kule hopitali alikuwa analamba kifuniko cha chupa. Tulipofika Vulamba, kitu ya kwanza alisema ni: "Mama, kopo moja tu. Ya chemchem yetu."

Mimi njo nilienda ku chemchem. Nilijaza bidon ya litre tano, Kavuo akaichemusha, akaiacha ipoe, akaipitisha ku kitambaa nyeupe ili hata vumbi lisiingie. Alimupa polepole, kopo kwa kopo, akimupapasa mugongo pale chini ya mbavu, na vidole, vile vile anafanyaka chini ya kitunga. Mutoto alikunywa akifunga macho.

"Songali," akaniambia, vile tunaitaka dada ya baba, "hii maji iko na sukari?"

"Ni ulimi wako iko na uwongo," nikamujibu, na akacheka.

Siku ya kwanza alikojoa zaidi kidogo kuliko kule Beni. Kavuo alitoka mu nyumba na ile chombo mukononi kama mutu anabeba sakramenti. "Inafunguka! Mama Ariel, kuja uone, inafunguka!" Tulisimama pale mbele ya mabidon tukiangalia mukojo wa mutoto, bamama bawili bazima, na tulifurahi. Ilikuwa dawa ya Nadège tu, bado inafanya kazi. Sisi tulihesabu ni maji.

Siku ya pili akamaliza litre tano. Siku ya tatu litre tano. Siku hiyo hakukojoa karibu kitu. Kavuo akasema ni vile chujio inafanya mbele ya kuachilia: inasimama, halafu inafunguka kwa mara moja. Nilikumbuka kitunga, nikaona ni kweli. Jioni miguu ilikuwa imejaa tena. Asubuhi ya ine, juma-nne, Séphora hakuweza kulala chali. Alikaa akiinama mbele, anavuta hewa, na mu kifua yake mulikuwa sauti kama chungu iko karibu kuchemuka. Alisema: "Mama, hewa haishuke."

Hatukungoja juma-tano. Tulimubeba ku hopitali hapa Butembo. Balimuweka hewa ya chupa, balimuchoma sindano. Docteur, mwanaume mutulivu mwenye mvi, alisoma karatasi za Beni, akamugeukia Kavuo.

"Mama, alikuwa anakunywa maji ngapi?"

Kavuo akainua kichwa kama mwanafunzi mwenye anajua jibu. "Litre tano kwa siku, docteur. Siku tatu. Ya chemchem, nilichemusha, nilichuja."

Docteur akaweka kalamu chini.

"Nani alikuambia hivyo?"

Kavuo aliniangalia mimi. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Yule docteur hakutukana. Ningependa atukane. Alieleza tu, na sauti ya chini, kwamba vichujio vya mutoto havikuwa na majani ya ndizi ndani, havikuwa na kitu cha kusukuma. Vilikuwa vimekuwa makovu. Kovu haifunguke. Maji ikiingia na haina mulango wa kutokea, inajaza miguu, inajaza tumbo, na mwisho inapanda mu mapafu.

"Anazama?" Kavuo akauliza. "Hapa? Juu ya kitanda?"

Docteur hakukatala.

Séphora alienda kwa Mungu saa kenda ya muchana. Jua ilikuwa kali inje, na batu ba soko balikuwa banapigana kelele ya bei kule barabarani. Mbele ya kwenda aliondoa ile kitu ya hewa ku uso, akasema kitu, na Kavuo akainama kusikia. Sikumuuliza kamwe ilikuwa nini. Akaniambia yeye mwenyewe, wiki mbili kisha, akiosha bidon: "Aliomba maji. Nilimukatalia."

Donc hivyo. Siku tatu alimupa kila tone aliyoomba, na ile ya mwisho, kijiko tu, yenye haingebadilisha kitu, njo alimunyima.

Ku kilio batu balijaa parcelle. Kwetu kilio haikose kasiksi, na kulikuwa ndizi zenye kukanyagwa mbele ya ugonjwa kuzidi, za arusi ya mutu. Ndizi hazingojaki mutu amalize kulia. Kavuo aliinuka ku mukeka, katikati ya bamama benye kuimba rozari, akaenda kuchuja. Nilimufuata kumugombeza.

"Mama Séphora, acha! Batu batasema nini?"

"Baseme nyuzi haziko."

Alichuja mara mbili. Ya tatu hakuchuja. Kitambaa nyeupe alikuwa amefunika nayo uso wa mutoto, na ilienda naye mu kaburi.

Siku ya tatu ya kilio Nadège alifika na pikipiki kutoka Beni, vumbi mpaka ku kope. Jokébed njo alimupa habari. Aliketi mbele ya Kavuo na hakujua pa kuweka mikono yake.

"Uniambie ukweli, binti yangu," Kavuo akasema. "Ni maji?"

"Mama, figo zilikuwa zimekwisha. Hata bila maji..." Akapangusa vumbi ku uso. "Hata bila maji, sijui kama angefika Kampala."

"Hujui, ao unajua?"

"Sijui, mama." Na machozi ikamushinda. "Ni mimi nilikuletea mambo ya chujio. Nilitaka tu uelewe."

Kavuo akamushika mukono. "Ulieleza vizuri. Tangu nizaliwe hakuna mutu alinieleza kitu vizuri vile."

Alikuwa anasema kweli, haikuwa maneno ya kufariji. Nadège alilia zaidi.

Sasa ni miezi tisa. Kavuo anaendelea na kazi yake. Ukipita utamukuta, mikono mu beseni, atakuambia karibu bila kukuangalia. Kasiksi yake inachujwa mara mbili tu, na banywaji bameanza kulalamika kuna nyuzi. Nilimununulia kitambaa ingine nyeupe ku soko. Iko mu sanduku, haijafunguliwa. Na chujio ikiziba, ananiita: "Mama Ariel, kuja umwange." Anageuka upande mwingine, na mimi namwanga.

Mais kuko kitu ingine, na njo hiyo inanikosesha raha. Nilikawia kuiona. Midomo ya Kavuo ilianza kupasuka, ikakauka kama majani ya maharagi. Nikamuchunga. Asubuhi kopo moja. Jioni kopo moja. Siku nzima ndani ya jua na mvuke ya ndizi, makopo mbili, haizidi.

Nilimupandia juu na kelele. "Unafanya nini? Figo zako ni nzima! Ulisikia mabidon tisa, utachuja nini na makopo mbili? Unataka nizike na wewe?"

"Usipige kelele, Mama Ariel."

"Nitapiga! Kunywa!"

"Nasikiliza infirmière," akasema. "Makopo mbili."

Tangu siku ile, kila siku saa sita ya muchana naenda kwake na kopo ya tatu, maji ya chemchem, imechemushwa. Naiweka kando ya beseni, na nakaa pale juu ya bidon, namutukana: kanisa yake, sabuni yake, sombe yake. Ananijibu moja kwa moja, mudomo kwa mudomo, kama zamani. Kopo anaiacha pale. Jioni naimwanga chini ya mugomba, na kesho nakuja na ingine.